Kitanda Kilichobaki Juu

Chumba cha Wauguzi,
Wodi ya Wanaume, ghorofa ya pili.
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu, ingawa leo kalamu inazitoa kwa shida. Natumaini u mzima, wifi naye hajambo, na watoto wanaendelea vyema na shule. Yule mdogo mwambie mchoro wake nimeuona na nimeubandika kwenye friji. Hao hawana kosa. Mwenye kosa ni wewe, ila tulifundishwa kusalimiana kwanza, na nimekusalimia.

Baba alifanyiwa upasuaji wa nyonga Jumamosi, akatoka salama. Uji anakunywa, na anamlalamikia daktari kwamba mikono yake ni ya baridi. Mguu bado haukanyagi, na hakuna anayesema utakanyaga lini. Kumbuka alikuja hapa kwa kiharusi, upande wa kushoto ulikuwa umeanza kurudi, na zilibaki siku tatu aende nyumbani. Mtu aliyeezeka mapaa miaka arobaini bila kuteleza hata mara moja, amekuja kuanguka kutoka kitandani.

Barua yako kwa mganga mkuu tulisomewa wote. Ukurasa mmoja na nusu. "Uzembe usiosameheka." "Muuguzi wa zamu afukuzwe kazi mara moja." Lugha imenyooka, kaka, shule ulisoma. Hukuuliza tu huyo muuguzi ni nani.

Muuguzi wa zamu alikuwa mimi.

Ndiyo, mimi. Tulipoagana nyumbani asubuhi ile ya safari yako nilikuwa na mapumziko. Mchana mtoto wa mwenzangu akaugua, nikaja kumshikia zamu. Ulipopita wodini na sanduku lako ukielekea uwanja wa ndege, nilikuwa nimeshuka famasi kuchukua dawa. Umetupa jiwe gizani, na hiyo yalaa unayoisikia ni ya mdogo wako.

Sasa nikufundishe kazi yangu, kwa kuwa umejifanya unaijua. Mgonjwa anayeweza kuanguka tunamvika utepe wa njano mkononi, ili hata mfagiaji akimwona anainuka peke yake aite mtu. Kitanda chake tunakishusha mpaka chini kabisa, nyayo zifike sakafuni. Kengele inakaa upande wa mkono wenye nguvu. Kila baada ya saa mbili tunamuuliza kama anataka kwenda chooni, maana wengi huanguka wakiwahi choo. Ni kazi ya kurudia yale yale mpaka ulimi unachoka, na hakuna anayeiona mpaka siku imeharibika.

Utepe wa baba niliuokota kwenye ndoo ya taka, umekatwa kwa mkasi. Jirani yake wa kitanda, yule dereva wa lori mwenye plasta mguuni, ameniambia ulichosema: "Mzee wangu si mzigo wa kupakiwa kwenye ndege, mnamfunga lebo ya nini?" Mkacheka wote watatu. Kisha ukataka picha. Kitanda kikiwa chini baba alionekana mdogo, basi ukaenda miguuni, ukazungusha kile kishikio mpaka kitanda kikafika usawa wa dirisha na mwanga ukampata usoni. Picha ni nzuri, sikatai. Uliituma kwenye kundi la familia, shangazi akaweka mioyo sita. Mimi nilipoifungua baba tayari alikuwa eksirei, na nilichokiona ni kitanda tu.

Ukatazama saa, ukambusu kichwani, ukaondoka. Hukukishusha.

Langu nalisema mwenyewe, usije ukadhani naruka lawama kama chura. Wageni walipotoka nilianza kuwapitia wagonjwa kitanda kwa kitanda, na baba nikamweka wa mwisho. Nilifanya makusudi. Humu wamo wenye midomo waliokwisha kusema kwamba baba yangu analelewa kama sultani, nikataka waone simpendelei. Nilikuwa nimebakiza vitanda viwili niliposikia kishindo. Baba alikuwa anataka choo, na mguu wake uliitafuta sakafu pale ilipokuwa asubuhi. Kengele ilikuwa kando ya mkono wake. Nikamuuliza mbona hukubonyeza, akanijibu akiwa bado chini, "Niliona una kazi nyingi, mwanangu."

Hilo nitazikwa nalo. Sihitaji ukurasa na nusu wako kunikumbusha.

Jana kamati iliyoundwa kwa ajili ya barua yako ilikuja kumhoji baba. Matroni akamuuliza kwa upole nani alipandisha kitanda. Baba akasema, "Mimi mwenyewe, nilitaka kuona nje." Kaka, hicho kishikio kiko miguuni mwa kitanda. Lazima mtu asimame sakafuni, ainame, azungushe kwa nguvu, na baba kusimama alikuwa anashikiliwa na watu wawili. Kila mtu mle aliangalia viatu vyake. Matroni akafunga daftari bila kuandika kitu.

Walipotoka baba akanivuta mkono. "Ile picha usiwaonyeshe. Watamwandama kaka yako, naye yuko mbali, hana wa kumtetea."

Nikamwambia, "Na mimi je, baba?"

Akasema, "Wewe uko hapa."

Nilikwenda kulia kwenye chumba cha mashuka. Nina hasira na wewe kuliko nilivyowahi kuwa na hasira na mtu yeyote.

Picha ninayo kwenye simu. Nikiitoa, nimepona. Nimemwahidi baba sitaitoa. Jumatatu saa nne wanaamua kama naendelea na kazi au navua sare. Barua hii nitaipiga picha nikutumie leo hii, usije ukasingizia posta. Uliweza kuandika ukurasa na nusu kabla hujafungua sanduku. Sasa andika mistari miwili, nani alikata utepe na nani alipandisha kitanda. Samahani usiniandikie mimi, siitaki. Iandikie kamati.

Shangazi anakusalimu, mioyo yake ameifuta. Binti yangu anamsalimu mjomba wake. Dereva wa lori anauliza kama picha yake pia ilitoka vizuri. Baba anakusalimu kuliko wote. Kila asubuhi, kabla hajaniambia kama nyonga inauma, ananiuliza, "Kaka yako alifika salama?" Namjibu alifika.

Mungu akulinde huko uliko, na mkono wako aufanye mwepesi kabla ya Jumatatu.

Akupendaye, leo kwa kujilazimisha,

Mdogo wako,
yule muuguzi wa zamu.