Mapipa ya Papa Guerschom

Mwaka umezunguka, Papa Guerschom, tangu tukuache makaburini na kurudi mtaani Namuwongo bila wewe. Nyumba bado haijazoea.

Ulikuwa mtu wa utani na mkono wazi. Ukitoka maabara hukupumzika. Ulipanga mapipa matatu kando ya mfereji, ukayajaza kokoto, ukangoja ziote utando wa kijani unaoteleza. Ulituambia utando ule ni bakteria wanaoishi pamoja, na kwamba maji ya karakana ya betri yakipita juu yao, wao huinasa sumu ya madini ya risasi na kuyaacha maji yaende zake. Tulikucheka. Kisha tukamwagilia dodo, mchicha wetu, kwa maji hayo, na mtaa mzima ukala.

Jirani yetu Alanyo, mke wa polisi, uchafu ule ulimkera. "Mzee, hii mawe inanuka! Lete mimi naosha na Omo."

Nawe usiyejua kufoka ukafoka: "Mama, usiguse! Ile uchafu njo inafanya kazi."

Basi hatukugusa. Mwaka mzima tumeyalinda mapipa yako, na Alanyo mwenyewe aliwafukuza watoto wasiyachezee. Tulijivunia kulitunza neno lako.

Juma lililopita mwenzako wa kazini, Cleopas, alikuja tupange misa ya leo. Alichungulia mapipa, akauliza ni nani anayebadilisha kokoto. Ndipo tukaikumbuka ndoo yako ya Jumamosi, ile yenye kifuniko, uliyokuwa ukiondoka nayo kwenda kazini. Tulidhani ni takataka tu. Kumbe utando hushiba sumu, Papa, nawe ulikuwa ukiuondoa. Hukutuambia, maana hukupanga kufa.

Sasa utando umekuwa mweusi. Unabanduka vipande vipande na kuteremka na maji hadi kwenye mboga, na maji yenyewe bado yanang'aa. Tunaogopa, Papa. Benedicte wako anashika tumbo kila jioni, na majibu ya damu yake hayajatoka.

Nanyi mnaotusoma, msichume dodo la mferejini. Alanyo anapita mlango kwa mlango tangu juzi, na watu wanamjibu kwamba maji ya Papa Guerschom hayajawahi kumdhuru mtu.

Wanaokulilia ni mkeo Bibiane, wanao Esperance na Benedicte, na Alanyo jirani yako. Hatutakusahau kamwe. Umetuachia jina linaloaminiwa, na leo tunazunguka tukiwaomba watu wasiliamini.