Programu Iliyoita Mapanga

Keraryo uko wapi??? Pokea simu! Nimechapwa, mgongo wote umevimba.

Si ulisema nijaribu zile programu mbili za kutengenezea biti za muziki kwa sauti moja, ndipo nichague? Mimi mjinga nikachukua yowe la shangazi Boke. Lile nililorekodi mwaka jana ng'ombe wake walipoibiwa.

Nikalikatakata vipande vidogo, nikalikimbiza kwa mwendo wa mapigo mia mbili kwa dakika, spika inatazama dirishani. Yowe la wizi wa ng'ombe, Keraryo, lile linalotoa kila mwanaume na silaha! Hapa Kabasa! Saa nane mchana!

Hata dakika haijaisha, mlango ukang'oka. Wanaume kama ishirini, mapanga, marungu, mmoja ameshapachika mshale kwenye upinde. "Wameelekea wapi?" Mimi niko kwenye kiti natikisa kichwa kufuata biti.

Mzee Abraham wa jirani akauliza, "Nani anapiga yowe?" Nikaonyesha laptop. NIKAONYESHA LAPTOP.

Akaipasua kwa panga katikati. Spika nayo akaipasua. Halafu wakahamia kwangu na fimbo. "Unaitaga watu kwa mchezo? Siku wezi wakija kweli nani atatoka?" Kila fimbo na swali hilohilo, kama biti yenyewe. "Nani atatoka?" Paa! "Nani atatoka?" Paa!

Nimelala kifudifudi, naandika kwa kidole kimoja.

Ila sikia. Ile programu ya kwanza niliipiga asubuhi nzima. Yowe lilelile, spika ileile, dirisha lilelile. Hakugeuka hata mbuzi.

Kwa hiyo nachagua ya pili. Nitafutie laptop.