Nyumba Yangu Imeingia Getini Bila Mimi

Muaither,
Doha, Qatar.
Jumanne, 18 Oktoba 2011.

Mpendwa Dada Mumbua,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote. Goti la Mwaitu, mama yetu, linaendeleaje? Mliniambia sasa anapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Nilifurahi, lakini Mwaitu ninamjua: ukimuuliza hali atasema hajambo hata kama ameegemea ukuta asianguke. Na mvua, imefika huko kwetu mjini Wote, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wenyewe? Huku joto limepungua. Jana mchana ilikuwa digrii 36 na watu tayari wanasema baridi inakuja.

Mimi ni mzima wa mwili. Usingizi tu ndio umepungua, nao ndio ulionishikisha kalamu. Utajiuliza mbona naandika na simu ipo. Ni kwamba nikipiga, Mwaitu hukuambia uweke spika, na haya si ya spika. Winfred, yule muuguzi wa Masii niliyekusimulia, anasafiri leo jioni kwa likizo. Amekubali kukufikishia barua mkononi. Isome peke yako kwanza.

Dada, kuna jambo nilikuficha miaka mitatu na miezi minne. Chukua ile picha mliyoitundika sebuleni, mimi nimesimama mlangoni kwangu na shati la bluu. Mwaitu aliwaambia akina mama wa kanisa kwamba Gerishon ana nyumba ya peke yake Uarabuni, na mimi nikanyamaza. Itazame chini, upande wa kushoto, nyuma ya mguu wangu. Lile jeusi ulilodhani ni ndoo ni gurudumu.

Ndiyo, ninaishi ndani ya karavani. Ni nyumba ndogo ya kukokotwa na gari, ambayo watu wa huku huipeleka jangwani kukaa wakati wa baridi. Bwana Jassim, mwajiri wangu, alikuwa na yake nje ya ukuta wa nyumba, ukingoni mwa barabara. Mwaka 2008 alihitaji chumba changu cha dereva kuwekea vyombo, akaniambia nilale kwenye karavani wiki mbili. Wiki mbili zake hazijaisha mpaka leo. Kila Novemba ikienda jangwani ninaenda nayo kama dereva na mlinzi, Machi tunarudi pamoja, na miezi iliyobaki ni kwangu.

Usinihurumie. Nilipoipokea ilikuwa na panya na kiyoyozi kilichokufa. Kiyoyozi nilikifufua mwenyewe. Sakafu nilibadilisha, mbao kumi na nane, na hakuna fundi aliyetia mguu. Nina rafu, nina jiko la sahani moja, nina dirisha la sentimita 60 kwa 45 linaloingiza upepo wa asubuhi. Mita sita na sentimita themanini za urefu, mlango unafungwa kwa ufunguo wangu. Wenzangu Doha hii wanalala wanane kwenye chumba kimoja. Nyumba ile niliitengeneza kwa mikono hii, Dada. Ndiyo maana sikuona ni uongo mkubwa sana.

Sasa nikueleze lilitokea nini. Jumapili ya tarehe 9 nilirudi kutoka kupeleka watoto wa Bwana shule nikakuta stika ya rangi ya machungwa kwenye ubavu wa karavani. Imeandikwa Kiarabu chote. Unajua Kiarabu changu ni cha mdomo: naweza kubishana na mtu wa gereji mpaka aone haya, lakini maandishi ni kama nyayo za kuku kwangu. Nikajiambia msimu wa jangwani umekaribia, basi Bwana ameshakata kibali cha mwaka huu nao wamekuja kukibandika. Na kwa kuwa jua la huku hufuta rangi upesi, nilichukua selotepu pana inayoonyesha ndani nikaifunika stika yote, pembe nne, vizuri kabisa. Nikawa naosha karavani na kuizunguka isipate maji. Nikaona fahari hata.

Alhamisi nikaenda duka la kona kununua mkate. Mwenye duka ni Msudani mmoja, mzee Bashir, mtu wa utani. Akaniuliza, “Wewe Gerishon, lini unahama?”

“Nihame niende wapi?”

“Mimi nijue? Karatasi ya kukufukuza umeivalisha plastiki kama picha ya harusi, nikadhani unaipenda.”

Nilimvuta mkono mpaka kwenye karavani anisomee. Ilikuwa ya baladia, yaani manispaa. Karavani haziruhusiwi kukaa barabarani nje ya nyumba za watu. Iingizwe ndani ya ua au ipelekwe kwenye eneo la kuhifadhia, siku saba, la sivyo itakokotwa. Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa na boti juu ya trela, naye alibandikwa siku ile ile. Boti iliondoka Jumatatu, maana mwenyewe anajua kusoma. Mimi nilikuwa nimeshazila siku tano nikilinda selotepu. Bashir alicheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, kisha akaona uso wangu akaacha.

Nilimwendea Bwana Jassim jioni ile. Hakuwa mkali, na afadhali angekuwa. Alisema, “Khalas, basi, kesho ipeleke Umm Salal, shambani kwa kaka yangu.” Nikauliza, na mimi? Akafikiri kidogo, kama mtu anayekumbuka kwamba ndani ya sanduku kulikuwa na kitu. Akasema nitalala huko huko shambani, nitakuwa ninakuja asubuhi.

Dada, fanya hesabu na mimi. Umm Salal mpaka hapa ni kilomita 24. Watoto wanatoka saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Gari hulala hapa getini kwa Bwana, si kwangu, na basi la saa hizo halipo. Nisipofika siku mbili mfululizo, ya tatu yupo dereva mwingine kwenye kiti changu. Na ukumbuke huku kibali changu cha kukaa kiko kwa jina la Bwana. Kazi ikienda, Qatar imekwenda. Nina miaka 43. Kuanza upya kama kijana wa miaka 25 siwezi.

Basi nikafanya lile ninaloliweza. Nilichukua tepu ya kupimia nikapima geti. Upana wa geti ni mita 3.05, karavani ni 2.40, inabaki sentimita 32 na nusu kila upande. Shida ilikuwa juu: geti lina tao la zege, mita 2.70 kutoka chini, na karavani na kiyoyozi chake ina 2.84. Nikikitoa kiyoyozi napunguza sentimita 22, inakuwa 2.62. Pale kizingitini pana tuta linaloinyanyua sentimita tano. Inabaki nafasi ya sentimita tatu. Nikipunguza upepo wa magurudumu naongeza nne. Saba. Sentimita saba, Dada! Nilimwonyesha Bwana hesabu kwenye kipande cha karatasi, akaniangalia, akasema kumbe ningekuwa mhandisi. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri tuliiingiza, wanawake wakiwa wameambiwa wabaki ndani. Nilikusanya madereva wa mtaa, watu sita, wengine wakisukuma, wengine wakipiga kelele za bure kama kawaida. Ilipita chini ya lile tao ikibakiza sentimita sita na nusu. Nusu moja tu nilikosea. Tuliigeuza kwa mikono ndani ya ua tukailaza sambamba na ukuta wa barabara. Watu wakapiga makofi. Bwana akaniambia vizuri sana, akaingia ndani. Mimi nikakifunga kiyoyozi, nikajifuta jasho, nikatoa ufunguo niingie kwangu nioge.

Ndipo Nafula akatoka jikoni. Nafula ni mpishi wa nyumba hii, binti wa Bungoma, mdomo wake hauna breki. Alisimama na mwiko mkononi akaniambia, “Kaka Geri, karibu kwako. Ila usikaribie.”

Nikamwambia aache mchezo, nimechoka.

“Si mchezo. Tazama mlango wako unatazama wapi.”

Nikatazama. Mlango wa karavani ulikuwa mkabala na mlango wa jikoni, hatua tisa, pale ambapo mke wa Bwana na binti zake hupita bila shela wakienda kuanika nguo.

Dada, kwa nyumba za huku, mwanamume asiye wa damu haingii ua wa ndani. Mimi miaka yote hii nikileta mizigo hupiga kengele, nikakohoa, nikaacha mifuko getini, nikageuka. Sheria hiyo ninaijua kama jina langu. Nilipima geti, nikapima tao, nikapima tuta, nikapima hata pumzi ya magurudumu. Mimi mwenyewe sikujipima. Nimechukua nyumba yangu kwa akili zangu na mikono yangu nikaitia mahali pekee Muaither nzima nisiporuhusiwa kulala. Na nilipigiwa makofi.

Nguo zangu Nafula alinitolea kwenye mfuko. Tangu Ijumaa, usiku wa nne sasa, ninalala kwenye zulia la majlisi ya nje, chumba ambacho Bwana hupokea wageni wake wanaume. Wageni wakikaa, ninangoja ndani ya gari mpaka waondoke. Bwana anasema ngoja, tutaona. Ninaogopa hiyo “tutaona” kuliko ile stika. Stika ilikuwa na tarehe. Na jana nimemsikia kwenye simu akiuliza kama shamba la Umm Salal linahitaji mlinzi. Huenda ni neno la kawaida tu. Sijui.

Katika nyumba hii aliyekuwa akinijali ni mama yake Bwana, Umm Jassim. Ana miaka themanini na kitu, na hina haikosekani mikononi mwake. Jumatatu na Alhamisi mimi ndiye ninayempeleka kliniki, na akiwa kiti cha nyuma ananisimulia mambo ya zamani, mimi ninaitikia hata nisipoelewa. Jana nikimrudisha aliniuliza kwa nini macho yangu mekundu. Sikutaka kumsengenya mwanawe, lakini Dada, nilikuwa nimechoka. Nikamwambia yote, pamoja na selotepu. Kwenye selotepu alicheka akapiga paja.

Kisha nikampa hesabu yangu mpya, maana sikulala bure siku nne hizi. Karavani ikigeuzwa, kazi ya saa moja kwa watu sita, mlango utatazama ukuta wa barabara badala ya jikoni. Ukuta ukitobolewa hapo na kuwekwa mlango mdogo, mtu atatoka barabarani aingie moja kwa moja kwenye karavani bila kukanyaga ua hata hatua moja. Kwa baladia karavani iko ndani. Kwa wanawake mimi niko nje. Dirisha nitalipaka rangi nyeupe, upepo nitauacha. Umm Jassim alisikiliza mpaka tukafika nyumbani. Kushuka akasema tu, “Ukuta huu aliujenga baba yake Jassim.” Akaingia ndani na bakora yake. Nikajua nimeyakoroga.

Niliyaandika haya yote usiku wa kuamkia leo, Dada, nikapanga kumalizia kwa kukuomba uanze kumwandaa Mwaitu polepole kwa habari kwamba huenda nikarudi. Nilikuwa nimeshaiandika sentensi yenyewe. Utaiona hapo chini nimeikata kwa mistari miwili.

<s>Mwambie Mwaitu Desemba si mbali.</s>

Nimeikata kwa sababu ya asubuhi hii. Nimetoka kuwasha gari saa kumi na moja kasoro, nikaona kitu ukutani, upande wa barabara, mkabala kabisa na karavani ilipo. Mistari miwili imesimama na mmoja wa kuiunganisha juu, rangi ya kahawia, imepindapinda kama ya mtoto. Nikaigusa, ikanipaka kidole. Ni hina. Katika nyumba hii nzima anayepaka hina mikononi ni mmoja.

Bwana ametoka akaitazama. Amesimama pale kitambo, ametia mikono mfukoni, kisha ameingia kwenye gari lake. Hajasema ndiyo. Lakini kabla ya kuondoka amemwita mtunza bustani aliyekuwa na mpira wa maji akamwambia upande huu asimwagilie.

Watoto wakiwa shule nimerudi nikachukua tepu. Upana wa mlango huo wa hina ni sentimita 62. Mabega yangu ni 51. Urefu ni mita moja na 48, naona ndipo mkono wake ulipofika. Mimi nina 1.76.

Nitainama, Dada.

Mwaitu usimwambie bado; picha iacheni ilipo. Nisalimie shemeji, na watoto kila mmoja kwa jina lake, na Mzee Herbert wa posho mili. Mwambie Mwaitu goti asilidanganye. Winfred mpe uji, safari yake ni ndefu, na nijibu kupitia kwake akirudi tarehe 20 mwezi ujao, mbaazi kavu kidogo ukiweza. Mungu wa mama yetu awafunike ninyi huko, na mimi anifungulie ukuta.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
ufunguo ungali mfukoni,

Gerishon Kyalo