Bibi Esteria Hakuwemo Kwenye Kipaimara

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na kinyaa, na sina wa kumwambia ila wewe uliyelala kaburini. Kipaimara kilifanyika hapa Lizaboni Jumapili iliyopita. Baba Askofu alikuja, akahubiri vizuri, akala, akaondoka. Mwanafunzi wako wa mwisho, Bibi Esteria, hakuwemo.

Unamkumbuka alivyotujia, mjane kutoka Namasakata, hajui kusoma, anataka kuwekewa mikono na Askofu kabla hajafa. Ulimfundisha Kanuni ya Imani uani mkimenya karanga, na akikosea mlianza upya wote wawili. "Huyu bibi atafika," uliniambia. Ulipougua ukaniachia mimi nimmalizie.

Ungechukia kuona kamati ya mapokezi ilivyokwenda. Siku hizi kila kitu ruksa, na mwenyekiti wetu ni yule mwenye malori ya mitumba. Vikao vyote tulizungumzia kuku. Askofu atakula kwa nani, choo cha nani kipakwe rangi, nani atembee naye mbele ya kamera ya video. Mke wa mchungaji na mke wa mwenyekiti wakanuniana kwa sababu ya sahani. Nilipouliza kama wanafunzi wanayajua majibu ya katekisimu, mwenyekiti alisema, "Dada, hayo madogo, usitupotezee muda."

Jumamosi yakaja mazoezi. Wewe ulikuwa unaweka kiti kitupu cha Askofu mbele ya altare, unakitandika kitambaa cheupe, wanafunzi wanakipigia magoti wawili wawili. "Hapa hakai mtu," ulisema, na hata mchungaji hakuthubutu. Safari hii mwenyekiti alikaa. Alikaa akajiegemeza, kitambi mbele, akaanza kuweka mikono juu ya vichwa vya watoto wa watu, na watu wakachangamka kama wako kwenye maigizo ya shule. Nikainuka nikasema jambo hili ni kufuru. Mchungaji akaniambia nikae, ni mazoezi tu.

Bibi Esteria alipiga magoti wa mwisho. Alikuwa ameosha nywele na kuzipaka mafuta ya nyonyo, maana ulimfundisha kwamba kichwa kinachosubiri mikono huandaliwa. Mwenyekiti akamwekea mikono, akaitazama, akachomoa leso, akafuta kidole kimoja kimoja. "Huyu bibi atamharibia Askofu pete," akasema. Wakacheka wote, Baba. Na hapo si kilabuni, ni kanisani.

Jumapili asubuhi nilimfuata kwake. Nilimkuta kibarazani anachambua mboga, amevaa khanga ya kila siku.

"Shikamoo, bibi. Watu wameanza kuingia."

"Marahaba. Waache waingie."

Nikachuchumaa karibu yake. Nikamweleza kwamba yule wa jana hakuwa Askofu, kwamba mikono ile si kitu, kwamba Askofu wa kweli amefika na anamsubiri.

"Najua yule si Askofu," akanijibu, mikono yake ikiendelea na mboga. "Wewe nilikusikia ulipokataa, mwanangu. Na wenzako niliwasikia."

Kengele ikalia, nikaenda kanisani peke yangu. Ulikuwa mwalimu wake. Ningejua ungemjibu nini, ningerudi kwake leo hii.

Pumzika, Baba.

Binti yako