Milimita Mbili na Nukta Nne

Area D, Dodoma
14 Agosti 2023

Dada yangu Generosa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi ya Juni kimetulia. Huku kwetu hatujambo. Mke wangu Paulina anakusalimu sana, na ameniagiza nikuulize kama dawa aliyokutumia ilikufikia.

Nimeona nikuandikie kwa mkono badala ya kukupigia simu, kwa sababu maneno ya simu hukanushika. Karatasi hii ina sahihi yangu, na una ruhusa ya kumwonyesha yeyote.

Katika ujumbe wako wa mwezi uliopita uliniuliza swali moja tu: ulimkosea nini baba, hata akakataa kuja kuzikwa kwako. Ulieleza kwamba tangu Mei hakuna jirani anayepokea chakula kutoka mkononi mwako. Kwamba kwenye msiba wa juzi wanawake waliisogeza sufuria yako kando, ikabaki imejaa mpaka watu wakatawanyika. Na kwamba wanalizunguka kwa mbali lile kaburi mlilomchimbia baba, ambalo mlilazimika kuzika mgomba ndani yake ili lisibaki wazi likingoja mtu mwingine. Wanasema linakungoja wewe. Swali lako lina jibu, na jibu ninalo mimi. Nitayapanga mambo kama yalivyofuatana.

Unakumbuka kwamba baba mwenyewe ndiye aliyeomba apelekwe huko kwenu Kibakwe kwa tela lake, lile alilobebea boti miaka yake yote ya uvuvi Mtera. Gari langu lilikuwa na chuma cha kuvutia kwa nyuma, lakini tufe lake lilikuwa limeliwa na kutu. Kwa hiyo, asubuhi ya safari yenyewe, nilikwenda kununua jipya. Kanuni yake ni nyepesi. Ulimi wa tela una kikombe cha chuma, na kikombe hicho hukaa juu ya tufe lililofungwa nyuma ya gari. Tufe likizidi, kikombe hakiingii, na mtu hugundua kosa palepale. Likipungua, kikombe huingia vizuri, hufungwa vizuri, na huonekana kimeshika. Kosa la pili ndilo la hatari, kwa kuwa halijitangazi.

Muuzaji, Khamisi, aliniuliza namba iliyogongwa juu ya kikombe. Nilimjibu kwamba naijua. Akaniuliza kama nimeisoma au naikumbuka, nami nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba nafundisha vipimo chuoni kwa mwaka wa kumi na tisa. Alicheka, akamwambia mwenzake aliyekuwa akihesabu nati kwamba leo duka limepata bahati, limetembelewa na rula yenyewe. Kisha akanifungia tufe nililolitaja, akaniasa kwamba tela si mwanafunzi, mwalimu hapati nafasi ya kulisahihisha njiani.

Nyumbani waombolezaji walikuwa wameshapanda. Kuna jaribio dogo ambalo kila mtu anayevuta tela hupaswa kulifanya: ukishafunga, unaunyanyua ulimi kwa jeki, na kama gari linanyanyuka pamoja nao, tufe limeshika. Jaribio hilo ni la dakika mbili. Baba Mdogo Mazengo aliponiuliza mbele ya watu kama chombo kimekaa sawa, nilimjibu kwamba nimekipima mwenyewe. Sikuwa nimekipima. Mnyororo wa akiba ulikuwa umekatika siku nyingi, na mahali pake nilifunga kamba ya katani.

Tulipita Mpwapwa salama. Shangazi Debora na akina mama watatu walikuwa wameketi nyuma, kwenye bodi ya gari, wakilitazama jeneza na kuimba. Tulipokuwa katikati ya mlima wa kwanza wa kuelekea kwenu, karibu na jiwe moja kubwa la kando ya njia, saa tano na dakika ishirini, wimbo ulikatika. Haukufifia, ulikatika katikati ya neno, sauti zote nne kwa pamoja. Nilitazama kioo nikaona barabara tupu.

Tela lilikuwa linarudi chini. Lilirudi kinyumenyume, bila haraka, likiwa limenyooka katikati ya barabara, na ulimi wake ukichora mstari kwenye kifusi chekundu. Hapakuwa na kelele. Kando ya njia kulikuwa na ng'ombe wapatao thelathini, na wote walikuwa wameacha kula. Likashuka hatua kama mia mbili, likafika juu ya kalavati, likasimama. Mahali hapo hapana tambarare, dada. Ni mteremko kama sehemu nyingine.

Tulishuka kwa miguu. Gurudumu la kushoto lilikuwa limekanyaga ufa wa saruji ya kalavati. Jeneza halikuwa limesogea. Baba Mdogo aliweka kiganja juu yake na kumwuliza marehemu kwa Kigogo kama kuna neno. Nilirudisha gari nyuma, nikafunga kamba nyingine, na tukaanza tena kupanda. Safari hii akina mama hawakuimba. Mahali palepale, karibu na jiwe lilelile, nilihisi gari limekuwa jepesi.

Tulilikuta juu ya ufa uleule. Nilipiga magoti kutazama mchoro wa ulimi. Ule wa pili ulikuwa umeingia ndani ya ule wa kwanza, toka mwanzo hadi mwisho, kiasi kwamba mtu asiyejua angehesabu mmoja.

Hapo Baba Mdogo Mazengo akavua kofia. Alisema kaka yake hakuwahi kurudia neno mara tatu akiwa hai, na hatamlazimisha kulirudia akiwa amekufa. Shangazi Debora alisema labda ni mlima tu, twende polepole; Baba Mdogo akamjibu kwamba gari lilikuwa likienda polepole kuliko yeye anavyokwenda kanisani. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, ni nani anayetungoja kule juu. Kila mmoja alijua kwamba anayetungoja ni wewe. Tukageuza. Kutoka pale hadi Dodoma, ambako tulimzika, tela halikuchomoka hata mara moja, na huo ndio ushahidi ambao Baba Mdogo amekuwa akiueleza kila anapoketi.

Sasa ni wajibu wangu kukuambia kilichokuwa chini ya kikombe.

Tela lilipochomoka mara ya kwanza, kutu ya kikombe ilikuwa imefutika, nami nikaisoma namba: milimita hamsini. Tufe nililonunua lilikuwa la milimita arobaini na saba na nukta sita. Tofauti ni milimita mbili na nukta nne, kama unene wa sarafu. Nililijua kosa langu palepale, dada, kabla baba hajaulizwa neno lolote. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusema kwamba nimepima, nikalifunga vilevile nikitumaini litashika.

Tulipogeuza, wengine walipokuwa wakisali, nilikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, nikalivika tufe, nikakibana kikombe juu yake. Ilinichukua muda mfupi kuliko sala. Ndiyo maana tela halikuchomoka tena. Kipande hicho kilikuwa chini ya kiti changu tangu asubuhi. Ningeweza kukitumia tulipokuwa tunapanda kuja kwako. Nilikitumia tulipokuwa tunarudi. Hakuna aliyekukataa, Generosa. Nimekuacha ulipie kiburi changu kwa miezi mitatu.

Ningetamani kuishia hapo, lakini nimeshaficha vya kutosha. Mwezi Julai nilichukua likizo, nikarudi kwenye mlima ule na tela hilohilo, likiwa na mifuko ya mchanga yenye uzito sawa na wa jeneza. Mfugaji mmoja alinisaidia kuzuia njia. Kwa tufe sahihi nilipanda mara saba, na halikuchomoka. Kwa tufe dogo nilipanda mara saba, na mara zote saba lilichomoka karibu na lile jiwe, kama nilivyotarajia. Jambo ambalo sikulitarajia ni hili: halikusimama kwenye kalavati hata mara moja. Barabara imelalia kushoto, na kila mara tela lilikata kushoto na kuangukia kwenye korongo lenye kina cha mita nne, nasi tukalivuta tena kwa gari. Mfugaji aliniuliza kama siku ile tulikuwa tumeweka mtu wa kulishika. Nilimwambia hapana. Jioni hiyo aliwapitisha ng'ombe wake njia nyingine.

Sina maelezo ya jambo hilo. Nimelitafuta kwenye hesabu za mwinamo, za uzito na za msuguano, nikalikosa. Lakini ninaloweza kulisema kwa uhakika ni kwamba mtu anayekataa safari angeliachia tela liende korongoni. Baba alisimama katikati ya barabara mara mbili akatungoja, na mara zote mbili mwanawe alikuwa amemfunga vibaya, ya pili akijua.

Maombi ya kibali cha kuuhamisha mwili nimeshayapeleka. Baba Mdogo nimemwambia jana, ana kwa ana. Aliomba alione tufe, akalishika muda mrefu. Jumapili ya tarehe 27 nitasimama mbele ya kanisa lenu baada ya ibada, nami nitayasema haya yote kwa mpangilio huuhuu. Nakuomba jambo moja tu, nawe una haki ya kulikataa: siku hiyo upike, chakula kingi, na ukilete pale uwanjani. Nitakula kutoka mkononi mwako kabla ya mtu yeyote, na sitaondoka mpaka sufuria iwe tupu, hata kama nitakuwa peke yangu.

Wasalimie watoto na wote wa nyumbani kwako. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,

Nathanaeli