Chini ya Mia Mbili

Jumanne, 5 Julai 2005
Tumetolewa damu leo, mimi na Sekhobe. Ya kuhesabu chembe za kinga – askari wa mwili, Nesi Mookho anaziita. Ni Jumanne tu, maana ndiyo siku gari la maabara linapanda huku mlimani. Damu hiyo haikai, ikilala siku mbili imeharibika. Njiani mume wangu akanichekesha: "Damu yetu inapanda gari, 'Mathuso, wenyewe tunakwenda kwa miguu!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Tangu arudi kutoka migodini virusi vya UKIMWI vimemkausha. Mimi ninavyo vilevile, lakini ndoo ya maji bado naibeba.

Alhamisi, 14 Julai
Majibu. Mimi 168. Yeye 241. Dawa ni kwa walio chini ya mia mbili – basi mimi napewa, yeye anarudishwa nyumbani mpaka Oktoba! Mtu asiyeweza hata kupanda kilima! Nikauliza kama mashine haikukosea. Nesi akasema chembe hazifuati sura ya mtu, na sheria hakuitunga yeye. Macho yake yalikuwa mekundu.
Sekhobe akavua kofia, akainama mbele ya foleni: "Nimefaulu mtihani, jamani, kazi nimenyimwa." Watu wakaangua kicheko. Mimi sikuweza.

Jumapili, 7 Agosti
Vidonge vinaniletea ndoto za ajabu. Lakini hamu ya kula imerudi – jana nimekomba sufuria nzima ya papa, ugali wetu, na mboga. Naona aibu kushiba mbele yake. Nikamwambia tugawane vidonge. Hajawahi kunifokea vile: "Nusu kwa nusu, tufe wote? Mtoto atabaki na nani? Meza vyako!" Mwanetu Thuso akaacha kula, akatutazama.

Ijumaa, 23 Septemba
Sekhobe hali chakula tena. Mayai yote anamsogezea Thuso. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe!
Leo alfajiri nimemkuta zizini, amekaa juu ya jiwe, blanketi lake amemfunika ndama. Mosotho mzima bila blanketi, vazi letu, na baridi ile! Nimelia, nimemtukana, vyote kwa pamoja. Ndipo akasema. Kuna mzee wa kwenye foleni, Ntate Lehloka, alimwambia kwamba yeye mwenyewe alishinda njaa, akalala kwenye baridi, chembe zikashuka, akapewa dawa.
"Nazishusha, 'Mathuso. Zimebaki arobaini na kitu nifike chini ya mia mbili."
Nimekimbia kwa Nesi. Anasema ni wazimu, njaa itamuua kabla ya virusi. Nimemrudishia Sekhobe maneno hayo, akageukia ukutani. Na mimi kila nikipiga magoti namwomba Mungu ampunguzie mume wangu kinga. Dua gani hii! Naona aibu hata kuiandika.

Jumanne, 18 Oktoba
Nimempeleka kwa farasi wa jirani. Sindano imetafuta mshipa mikono yote miwili. "Chukua nyingi, mwanangu," akamwambia Nesi, "hao askari sitaki kurudi nao." Nesi hakucheka.
Uji ameukataa. Hatakula mpaka gari lipite na damu yake, isije ikaharibika atolewe nyingine.
Mchana theluji imeanza. Theluji – Oktoba!

Jumatano, 19 Oktoba
Imefika magotini. Gari hakuna. Anauliza, nasema bado. Anauliza tena.

Alhamisi, 20 Oktoba
Nimekwenda kliniki kwa miguu. Nesi Mookho alikuwa amekaa, sanduku la damu mapajani. Gari limekwama huko chini tangu juzi, halipandi leo. Damu yote imeharibika. Atolewe tena Jumanne, akasema, na hakuniangalia usoni. Jumanne! Siku tano nyingine bila kula – hafiki. Najua hafiki.
Nimerudi nikilia njia nzima. Mlangoni nikajifuta uso.
Sekhobe akafumbua macho. "Limepita?"
"Limepita."
Akatabasamu. Akavuta blanketi mpaka shingoni, mwenyewe. Kisha akasema jambo ambalo masikio yangu yalishalisahau: "Basi nikaangie yai."
Amekula mawili, polepole, mafuta yakimtiririka kidevuni, na Thuso anamcheka. Sijui Jumanne nitamwambia nini. Sijui nitamwamshaje, nimpandishe tena kwenye farasi.
Anaomba la tatu. Moto umefifia, naenda kuuchochea –