Miwa ya Kibombo

Mwaka umetimia, Mama Mwanahamisi, tangu ututoke. Kikombe chako cha kusukutulia bado kiko pale barazani, kimefunikwa.

Kila asubuhi kabla ya sala ulisukutua kwa maji ya chumvi. Siku moja ukasita ghafla, ukatema, na kitu kikagonga beseni. Kilikuwa kipande cha mfupa, kidogo kama punje ya mpunga. Mwingine angelia. Wewe ulituita tuje kuona, ukakigeuzageuza juani na kuuliza: "Mufupa unakufa namna gani ndani ya muntu muzima?"

Ndivyo ulivyokuwa. Ulitaka kujua treni inageuzwa wapi, na kwa nini mto Lualaba hubadilika rangi kabla mvua haijafika kwetu.

Ulimuuliza daktari mpaka akavuta kiti akaketi. Akakueleza kwamba miale uliyotibiwa nayo Kinshasa iliua uvimbe wa koo, lakini ilikausha mate na kudhoofisha mfupa wa taya. Kinywa kilipokukauka, mumeo, Baba Sudi, aliyefanya kazi kwenye treni, alikuletea miwa ya Kibombo kila safari. Ukaitafuna mchana kutwa, utamu wake ukaozesha meno. Jino moja likakuuma, Octave wa zahanati akaling'oa. Wewe hukufikiri kumwambia habari za koo, naye hakufikiri kuuliza. Pale lilipotoka jino hapakupona, na taya likaanza kufa.

Ulirudi na uso umekunjuka, kama mtu aliyefumbua fumbo. Ukatusimulia wanawake wote tukiwa kwenye sinia: mate, miwa, jino, taya. Hukumwona Baba amesimama mlangoni, kofia ya kazi mkononi.

Tangu siku ile treni ilimrudisha mikono mitupu. Akawa anakula kwa mdogo wake, Musafiri, na nyumbani anaingia kulala tu.

Octave naye alianza kutukwepa, lakini huyo ulimweza. Ulimwita anywe chai, ukamtania: "Jino ulibeba, na mudomo bado unauogopa?" Akacheka, akaketi.

Kwa Baba hukupata utani. Ulimwambia binti yako Safi, "Baba yako anazani nimemukasirikia. Mimi nangojea tu aseme." Wewe uliyeuliza kila kitu, hilo hukuliuliza. Ukangoja mpaka mwisho.

Ijumaa iliyopita, baada ya dua ya mwaka, watu walitawanyika na Baba akabaki makaburini. Safi alirudi kumchukua, akamkuta amechutama karibu nawe, anazungumza kwa sauti, hajali nani anasikia. Baba mwenyewe ameturuhusu tuyaandike maneno yake.

Wanaokukumbuka ni mumeo Sudi, binti zako Safi na Jamila, shemeji yako Musafiri, na wajukuu wako, ambao siku hizi wanatuchosha kwa maswali yako. Jina lako halitapoa midomoni mwetu.

Na haya ndiyo aliyokuambia Baba:

"Mama Safi, nilitaka tu kinywa yako isikauke."